Kigimbi kilichokuwa kinagoma Jangwani

Jumamosi nimetembea kutoka Magomeni Mapipa mpaka Kariakoo bila kusimama. Miaka miwili iliyopita, nikifika tu Jangwani, kigimbi cha kulia kinakaza kama kimefungwa kamba. Nikisimama dakika tatu kinaachia. Nikianza tena, kinarudi palepale.

Mwaka mzima nilitibiwa baridi yabisi. Nikisema "mishipa", zahanati niliyoitegemea wakasikia neva, yaani mishipa ya fahamu, si ya damu, wakanipa diklofenaki, dawa ya maumivu. Hilo bado linaniuma, maana hakuna aliyeniuliza swali moja dogo: mguu unauma ukitembea au hata ukikaa?

Aliyeniuliza ni daktari kijana. Alinivua soksi, akaweka vidole viwili juu ya mguu kutafuta mapigo. Kimya. Akapima presha mkononi: 150. Akaifunga mashine kwenye kifundo cha mguu: 90. "Mzee wangu, damu haifiki chini inavyotakiwa." Ukigawanya 90 kwa 150 unapata 0.6, na chini ya 0.9 ujue ateri, mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, zimeanza kuziba.

Nilidhani ni mafuta yameganda kama kwenye bomba la jikoni. Kumbe ugonjwa umo ndani ya ukuta wenyewe. Moshi wa sigara, presha na sukari huchubua utando wa ndani, lehemu (mafuta ya kwenye damu, kolesteroli) inapenya, chembe nyeupe za damu zinaimeza mpaka zinajaa mafuta, ukuta unatuna, njia inakuwa nyembamba. Uvimbe huo ukipasuka damu huganda juu yake: kwenye moyo ni shambulio, kwenye ubongo ni kiharusi. Na huanza mapema mno. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza maiti 300 za askari waliouawa Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya robo tatu ateri za moyo zilishaanza kuharibika. Mimi sigara nilianza nikiwa na 19.

Nimeiacha. Dawa za presha na lehemu nameza kila siku. Natembea mpaka paume, napumzika, naendelea, dakika 40, mara tatu kwa wiki. Tembeeni, ndugu zangu! Sigara iacheni leo, msingoje Ramadhani.

Ila wewe wa Mbagala uliyeniandikia kwamba mguu wa baba unauma hata usiku kitandani, na kidole kimeanza kuwa cheusi: huyo si wa kutembezwa wala kuchuliwa. Mpeleke hospitali leo hii, na waambie wapime presha ya kifundo.