Kabla hujanunua tanuri la pizza, pima kwanza kuran (umeme) ya nyumbani kwako

Mdogo wangu wa Bukavu kaniandikia juzi: anauziwa tanuri la pizza la kuweka mezani, je, achukue au aache? Nilianza kumjibu kwa sauti kwenye simu, ikafika dakika ya sita sijamaliza. Nikaona heri niandike, maana si yeye wa kwanza kuniuliza tangu watu wajue nina hicho kidude nyumbani.

Langu nililipata hapa Goma, kwa mfanyakazi wa shirika la misaada aliyekuwa anahama. Mkaaji wa Goma analijua soko hilo: mkataba wa mtu ukiisha, friji, godoro na vijiko vinatandazwa barazani, na mwenye dola mkononi ndiye mwenye bahati. Nikatoa dola 120. Lina umbo la kobe, kifuniko juu, jiwe la mviringo chini, waya za moto pande zote mbili, wati 1700. Muuzaji aliniambia pizza inaiva kwa dakika 4. Hakunidanganya, ila nyumba yake ilikuwa na jenereta lenye ukubwa wa gari.

Ujue kwanza unalipia nini. Oveni ya kawaida ya jikoni inafika nyuzi 250 hivi, basi. Kule Napoli, pizza ilikozaliwa (mji ulio chini ya volkano kama sisi, wao wana Vesuvius, sisi Nyiragongo), tanuri la kuni linapita nyuzi 430 na pizza inatoka ndani ya sekunde 60 hadi 90. Moto ule mkali unaufanya ukingo uvimbe na kuiva kabla unga haujakauka. Kwenye nyuzi 250 pizza inakaa dakika 10 au zaidi, inatoka ngumu kama biskuti. Haya matanuri madogo yanajaribu kukuletea nyuzi 400 mezani. Unachonunua ni moto huo tu. Usipofika, umenunua kofia ya chuma.

Kwangu moto huo haukufika. Ijumaa ya kwanza nikaalika majirani wawili, saa moja jioni nikawasha. Dakika 20 zilizoandikwa kwenye kitabu zikapita, zikawa 40, taa nyekundu haizimiki. Nikatia pizza hivyo hivyo. Baada ya dakika 12 juu ilikuwa nyeupe kama mgonjwa, chini imegandana na jiwe. Baba watoto alitafuna kwa adabu. Majirani wakasifu juisi.

Kesho yake nikamwita fundi wetu wa umeme nikiwa tayari kuapa kwamba nimeuziwa kibovu. Akaingiza mita yake kwenye tundu la ukutani, akasema arudi jioni. Akarudi. Volti 168. "Mama, tanuri ni zima," akaniambia. "Kuran ndiyo iko na njaa."

Akanifafanulia, na hili ndilo ningependa kila mtu alishike. Kifaa cha kuchoma kwa waya hakipungui nguvu kidogo kidogo volti zinaposhuka, kinaporomoka. Nguvu inafuata volti ikizidishwa kwa yenyewe. Ukiwa na volti 168 badala ya 220, umebaki na asilimia 76 ya volti, lakini nguvu ni asilimia 58 tu. Tanuri langu la wati 1700 lilikuwa linafanya kazi kama la wati 1000. Taa ya nyumbani huwezi hata kugundua, simu inachaji vizuri, lakini jiwe halitafika nyuzi 400 hata ulisubiri mpaka kesho.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kutoa hela azima mita kwa fundi, upime saa ile ile unayokusudia kupika, siku kadhaa, si siku moja. Jioni mtaa mzima unapowasha pasi na majiko ndipo kuran inapolegea. Kwangu saa tano asubuhi nilipata volti 214. Basi pizza nyumbani kwangu ikawa chakula cha Jumamosi mchana, na tangu hapo sijalalamika.

Angalia pia kibati cha nyuma. Vitu vinavyoletwa kutoka Marekani vingi vimeandikwa volti 120. Ukikichomeka hapa kwetu kitakufa kabla hujanusa jibini. Na usipitishie kwenye ralonji (waya wa kuongezea) ile nyembamba ya kuchajia simu. Wati 1700 ni karibu ampea 8, waya mwembamba unachemka mpaka plastiki inayeyuka. Wenye sola, msijidanganye na inveta ndogo ya wati 1000, haitalibeba.

Kuna aina za gesi na za kuni pia, nazo hazijali volti. Lakini hizo ni za nje, uani, palipo wazi. Moto ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Sisi tunaoijua mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini huku kwetu, hatuhitaji kuelezwa mara mbili hewa usiyoiona inafanya nini, ingawa hii ni hewa nyingine.

Jirani mmoja aliniuliza kwa nini nilipie jiwe wakati mji mzima umejengwa juu ya mawe ya volkano. Wazo halikuwa baya, hata viwandani kuna wanaochonga mawe ya pizza kutoka kwenye lava. Nikachukua kipande cha bapa kilichokuwa uani tangu tulipojenga, nikakiweka juu ya mbabula (jiko la makaa). Kilikuwa kimenyonya mvua ya miezi. Kililia pa! kikapasuka vipande vitatu, kuku wakakimbia. Usijaribu.

Unga nao una mambo yake. Mimi nimekulia kwenye mandazi, mkono wangu unatia sukari bila kuniuliza. Kwenye nyuzi 400 sukari inaungua, chini panakuwa peusi huku juu bado. Acha sukari na maziwa: unga wa ngano, maji, chumvi, hamira kidogo. Hamira iwe kidogo kweli, kwa sababu huku kwetu kwenye mita 1500 unga unaumuka haraka kuliko vitabu vya watu wa pwani vinavyosema. Donge la gramu 250 linatosha jiwe la sentimita 30. Jibini ya Masisi, ya hapa jirani, inafaa sana, haitoi maji mengi, ila ikate vipande. Nikiikuna laini inaungua kabla ya wakati.

Sasa upande wa pili, ambao muuzaji hatakuambia. Mwaka mzima kabla ya tanuri nilikuwa napika pizza kwa karai zito la chuma. Unalipasha moto kavu juu ya mbabula, unaweka unga, unauacha ushike chini, unapaka nyanya na jibini, unafunika kwa kifuniko cha chuma na kupanga makala (makaa) ya moto juu yake, kama tunavyopika keki. Dakika 8 au 9. Si ya Napoli, lakini watoto wangu hawajawahi kwenda Napoli.

Ndiyo maana ninamuuliza kila anayetaka kununua: mara ya mwisho ulikanda unga wa pizza lini? Kama ni mwezi huu, na mita inaonyesha zaidi ya volti 200 saa unayopika, chukua, utalitumia. Kama hujawahi kukanda hata mara moja, anza na karai. Nina rafiki aliyenunua jipya kwa bei mara tatu ya langu. Limekaa juu ya kabati, anahifadhia mishumaa ndani.

Wewe wa Bukavu, nitumie picha ya kibati cha nyuma kabla hujalipa. Na umwambie huyo muuzaji aliwashe mbele yako, saa moja jioni, nyumbani kwako, si kwake.