Kopa ya tano: nilipe au nitupe?

SWALI: Katika poka ya Texas Hold'em nina kopa mbili mkononi. Mezani zimefunuliwa karata nne kati ya tano, mbili zikiwa kopa; nasubiri kopa ya tano ili nipate kopa tano, mkono wenye nguvu. Dau la mezani lilikuwa chipu 3,000, mpinzani kaongeza 1,500. Nimeambiwa nafasi yangu ya kuipata ni asilimia 35. Nilipe?

JIBU: Tupa. Hiyo asilimia 35 ni ya anayesubiri karata mbili; wewe umebakiwa na moja. Kopa ziko 13, unaziona 4, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 46 (usiondoe za mpinzani, huzijui). 9 kwa 46 ni asilimia 19.6.

Sasa bei. Unalipa 1,500 kugombea jumla ya 6,000 (3,000, 1,500 za mpinzani na 1,500 zako), yaani asilimia 25, kubwa kuliko nafasi yako. Ukilipa mara 46, kwa wastani utashinda mara 9 (4,500 kila mara, chipu 40,500) na kupoteza mara 37 (1,500 kila mara, chipu 55,500). Angeongeza 700 tu, bei ingekuwa asilimia 16 hivi, na kulipa kungekuwa sahihi.

Tena, si lazima kopa zote 9 zikufae: ile inayofanya jozi na karata ya mezani yaweza kumpa mpinzani tatu na jozi (karata tatu za namba moja na mbili za nyingine), nayo hupiga kopa tano.