Uzalendo katika filamu bubu za China

Umeuliza kama filamu bubu za China zilikuwa za mapenzi na mapigano ya panga tu. Hapana. Hizo zilikuwepo tele miaka ya 1920, lakini mambo yalibadilika na uzalendo ukaingia kwenye filamu baada ya Japani kuivamia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, Septemba 1931, kisha kuishambulia Shanghai Januari 1932. Studio zenyewe zilikuwa mjini humo humo.

Anza na filamu ya Xiao wanyi ("Vitu Vidogo vya Kuchezea") ya mwaka 1933, iliyoongozwa na Sun Yu katika kampuni ya Lianhua. Ruan Lingyu anaigiza mama wa kijijini anayetengeneza vitu vya kuchezea watoto kwa mkono, huku vya viwanda vya kigeni vikimnyang'anya soko. Mwanawe wa kiume anaibiwa, binti yake anakufa vitani Shanghai. Mwishoni, sikukuu ya Mwaka Mpya, anasikia fataki akidhani ni mabomu, anapagawa na kuwapigia watu kelele barabarani wainuke wapigane. Sauti yake huisikii, unausoma uso wake tu, na kwangu mimi hakuna hotuba ya kisiasa inayoufikia ule uso.

Utagundua pia adui mara nyingi hatajwi jina. Serikali ya Guomindang, chama cha kitaifa kilichotawala China wakati huo, ilikuwa ikikwepa kuichokoza Japani, na wakaguzi wake walikata chochote kilichosema wazi. Ndiyo maana katika filamu ya Dalu ("Barabara Kuu"), ya Sun Yu huyo huyo, vijana wanajenga barabara ya jeshi kumkabili "adui" tu. Watazamaji walimjua vizuri sana.