Baiskeli ya kwanza Nairobi: nunua nzima, kujenga kutakuja baadaye

Wengi wanaotaka kuanza kuendesha baiskeli hapa Nairobi huniuliza swali moja: ninunue baiskeli iliyokamilika, au ninunue fremu leo, magurudumu mwezi ujao, hivyo hivyo hadi ikamilike? Kwa mwenye mfuko mdogo jibu langu halijabadilika. Nunua nzima, ya mtumba, kisha uiboreshe ukiwa unaiendesha. Kujenga ni raha kubwa na ni kazi ninayoipenda sana, lakini si mlango wa kuingilia.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Fremu tupu huonekana bei ya kutupa, na hapo ndipo watu hunaswa. Kinachomaliza pesa ni vile vidude ambavyo hakuna anayevikumbuka akipiga hesabu: beringi za shingo, ekseli ya krenki (krenki ni ile mikono inayobeba pedali), waya za breki na mipira yake, waya za gia, kibano cha kiti, utepe wa ndani ya rimu. Kila kimoja unakilipia bei ya rejareja, na kila kimoja kinataka nauli ya kwenda kukitafuta. Baiskeli ya mtumba iliyotoka Uingereza huja na hivyo vyote, na muuzaji hakutozi kimoja kimoja.

Sababu ya pili ndiyo huwaumiza wageni zaidi: vipande havikubaliani. Chukua tairi. Utaambiwa “hii ni ishirini na sita”, nawe una rimu ya ishirini na sita, mnalipana, ukifika nyumbani haiingii. Ziko tairi za inchi 26 za baiskeli za milimani, ambazo kipimo chake halisi ni milimita 559, na ziko za 26 za baiskeli za zamani za Kiingereza, ambazo ni 590. Kwa upande mwingine, ile inayoitwa 29 na ile inayoitwa 700C zinakaa kwenye rimu moja, milimita 622, zikitofautiana unene tu. Kwa hiyo achana na jina, soma namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 47-559. Hiyo ya pili lazima ilingane na rimu yako.

Nguzo ya kiti nayo ina mambo yake. Ya milimita 27.0 na ya 27.2 huwezi kuzitofautisha kwa macho, lakini ukilazimisha iliyo nene unapasua fremu, na iliyo nyembamba itateleza chini kila ukipita tuta. Ekseli ya krenki kwa baiskeli nyingi ina nyuzi za Kiingereza, yaani mikato ya skrubu ya kipimo cha Kiingereza, na kikombe kinachoshika beringi upande wa cheni hufunguka kinyume na ulivyozoea. Raleigh za zamani zina nyuzi zake peke yake, na fremu ya aina hiyo inaweza kukuzungusha mji mzima ukitafuta kikombe kimoja. Mtu aliyekwisha kuendesha na kufungua baiskeli yake mwenyewe anayajua haya kwa mikono. Anayeanza anayajua akishalipa.

Basi unaponunua nzima, unatazama nini? Fremu kwanza. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka shingoni, pale linapokutana na shingo. Rangi ikiwa imejikunja au imepasuka hapo, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele, na bei yoyote ni ghali. Kagua vivyo hivyo karibu na krenki na chini ya kiti. Kisha omba kwa heshima: “Mzee wangu, naomba niinue kiti kidogo.” Kiti kikikataa kabisa kutoka, nguzo imeshikana na fremu kwa kutu, na kuitoa ni kazi ya siku nzima, pengine ya msumeno.

Inua gurudumu moja moja, lizungushe, na utazame nafasi kati ya rimu na pedi ya breki. Kupinda kidogo si neno, fundi atanyoosha kwa kukaza spoki. Lakini gusa ubavu wa rimu ambapo pedi hushika: ukihisi umebonyea kama kijiko, chuma kimelika na rimu hiyo iko njiani kupasuka.

Cheni ipime, usiikadirie. Nenda na futi ya kupimia, ile ya mafundi. Weka sifuri katikati ya pini moja, uvute cheni inyooke, uhesabu pini 24 mbele. Cheni ambayo haijalika itakuonyesha inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ikizidi kwa milimita tatu, cheni imekwisha kuyala meno ya nyuma nayo. Ukiweka cheni mpya juu ya meno hayo itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Hapo unajadili bei ukijua unachosema, na wauzaji wengi humheshimu mteja wa namna hiyo.

Pindua baiskeli uisome namba iliyo chini ya krenki. Ikiwa imesuguliwa, ondoka, hata kama baiskeli inang’aa. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kuna mwenzetu mahali fulani anayetembea kwa miguu kwa sababu yake. Ukinunua, dai risiti au karatasi iliyotiwa sahihi yenye namba hiyo.

Usisahau unakoishi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukielekea Limuru unapita mita 2,000. Anayekaa Kangemi au Kikuyu anahitaji gia nyepesi sana: meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma yakaribiane kwa idadi na ya ile ndogo ya mbele, kwenye krenki. Anayezunguka Donholm na Embakasi kwenye tambarare anaweza kuishi vizuri na gia chache, lakini mvua za Machi hadi Mei zikianza, ule udongo mweusi unaonata utajaza kila nafasi, kwa hiyo atafute fremu yenye uwazi mkubwa kati ya tairi na uma, ule unaoshika gurudumu la mbele. Zile za bei nafuu zenye springi mbele na nyuma ziache. Ni nzito, na springi zake zinakufa mapema.

Kuhusu pesa, tuseme una shilingi 20,000. Usiende sokoni na zote. Acha 5,000 nyumbani kwa ajili ya cheni, pedi, waya, kofia ngumu, taa na kufuli la maana. Anayemaliza pesa zote kwenye baiskeli huishia kuendesha gizani bila taa, na hilo kwenye barabara zetu silikubali kabisa.

Yupo anayepaswa kujenga tangu mwanzo, simkatai. Ni yule ambaye mjomba wake amemwachia fremu nzuri ya chuma kule nyumbani, au ambaye ni mrefu au mfupi kiasi kwamba sokoni hakuna inayomtosha. Kwake nina shauri moja: usinunue vipande. Tafuta baiskeli nzima ambayo fremu yake ndiyo mbovu, yenye magurudumu ya kipimo kinachoingia kwenye fremu yako, uihamishe yote kwa mkupuo. Magurudumu, krenki, gia na breki zitakuwa zimezoeana tayari. Ukitaka rahisi zaidi, jenga ya gia moja, maana nusu ya matatizo yanabaki dukani.

Ukishapata yako, iendeshe wiki mbili kisha uirudishe kwa fundi hata kama hujasikia mlio wowote. Waya mpya huvutika, na breki zinahitaji kukazwa upya. Mwombe akaze pia boliti za krenki mbele yako. Krenki ya alumini ikiendeshwa ikiwa imelegea, lile tundu lake la pembe nne hutanuka, na baada ya hapo haikaziki tena kwa spana yoyote.