Si Marlin ileile
Ndugu, unauliza kwa nini Marlin ya zamani inagombaniwa kuliko ya 2012, wakati ni bunduki ileile ya kuwindia? Si ileile. Remington, kampuni nyingine ya bunduki ya Marekani, waliinunua Marlin mwishoni mwa 2007, kisha wakafunga kiwanda cha North Haven, Connecticut, na kuhamishia kazi Ilion, New York. Mashine zikahama, ila mafundi waliozijua tabia zake wengi walibaki (na mashine kuukuu ina tabia kama punda). Zikaanza kutoka bunduki zenye mbao zisizokaa sawa na chuma, vilengeo vimekaa upande. Wapenzi wa Marlin wakazibatiza “Remlin”. Hadi leo mnunuzi mjuzi huchungulia kwanza alama ya JM (muhuri wa enzi za North Haven) kwenye mtutu, bei baadaye.

Remington walipofilisika 2020, Ruger, nao watengeneza bunduki, wakaichukua Marlin, wakaipeleka Mayodan, North Carolina. Hawakukurupuka: bunduki yao ya kwanza, modeli iitwayo 1895, ilitoka mwishoni mwa 2021, na manung’uniko yakapungua sana. Kwa hiyo kuhama kiwanda peke yake si tatizo. Ilion nako kumefungwa 2024, kazi imekwenda Georgia.