Eti mbuzi anatoa dawa kwenye maziwa?

SWALI: Dokta shikamoo, nasikia wazungu wana mbuzi maziwa yake dawa, kweli au kamba tu?

JIBU: Marahaba. Kweli kabisa! Dawa iliitwa ATryn, siku hizi haiuzwi tena, mbuzi waliwekewa jeni ya binadamu wakawa wanatoa kwenye maziwa protini ya antitrombini, ile inayozuia damu kuganda ovyo, maana kuna watu wanazaliwa nayo kidogo na wakifanyiwa upasuaji au mama akijifungua damu inaweza ikaganda kwenye mishipa, ni hatari sana. Ulaya waliipitisha 2006, Marekani 2009. Ila hayo maziwa mgonjwa alikua hanywi, protini ilikua inachujwa inasafishwa ndo anawekewa kwenye mshipa. Me naifurahia sana hii, kabla yake ilikua mpaka itolewe kwenye damu za wachangiaji.