Jibu: Skrini ya 4K inaishia 1920 x 1080

Habari ndugu. Umesema skrini yako mpya ya 4K (yenye nukta za picha 3840 x 2160) haivuki 1920 x 1080 kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Kabla hujanunua chochote, tazama nyuma: waya umechomekwa tundu gani? Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe nilipitia adapta ya DVI (aina ya zamani ya tundu la skrini), na DVI ya njia moja (single link) kwa 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, mwisho wake ni 1920 x 1200. Kama una tundu la DisplayPort 1.2, hamia hapo, inabeba 4K kwa 60 Hz. Tundu la HDMI 1.4 nalo litaonyesha 4K, ila kwa 30 Hz tu. Kwa kasi hiyo kishale cha mausi kinajiburura, macho yanachoka. Kama kompyuta ina kadi ya grafiki (kifaa cha ndani kinachotoa picha ya skrini), chomeka waya kwenye tundu la kadi yenyewe. Ikigoma bado, tuandikie jina la kadi.